Kalamu ya Mngoni

Msimbati
11 Januari 2024

Kwa Mngoni Erasto Mapunda, karani mstaafu wa mahakama, Chuno

Mtani,

Sikusalimii. Babu zako walipokuja kutuibia mbuzi sisi Wamakonde hawakupiga hodi, basi na mimi naingia hivyo hivyo.

Kalamu yako Hadija ameifikisha. Umeifunga kwenye soksi, naye akaiweka kwenye kapu alilotoka kuuzia pweza huko Chikongola. Sasa kalamu inanuka pweza na soksi inanuka wewe, sijui kipi kimezidi.

Nimeiangalia kwa ile lenzi yangu ya saa. Wino umekauka ndani umekuwa makaa. Kile kimpira cha tumboni kinachovuta wino nimekigusa tu kikavunjika kama dagaa. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ina miguu miwili, mmoja umempanda mwenzake. Uliidondosha, usinidanganye, au ulimchoma nayo mshitakiwa. Nimeilaza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, na kila asubuhi namwaga maji ya bluu. Majirani wanadhani napika dawa.

Wewe ulisoma mpaka macho yakaharibika, mimi darasa la nne nikaruka dirisha. Lakini kalamu imeletwa kwa nani?

Swali langu ni moja. Miaka sita unasema kalamu mbovu, na miaka sita hukuileta. Leo haraka ya nini? Usije ukawa unataka kuandika kifo chako tena. Hesabu ninayo: wewe umekufa mara tatu, mimi mara mbili. Mara yako ya mwisho ulimwandikisha mwanao Anold barua ya msiba, mtoto wa watu, ukamwambia adondoshee maji ya kisima yaonekane machozi. Nikafunga kibanda, nikaja kulala kaburini kama mtani anavyotakiwa. Nikakukuta barazani unakula muhogo.

Jibu kwa barua. Simu kwangu ni ubao, masikio yalishakwenda likizo.

Zuberi Mchopa
fundi saa, kalamu na Wangoni walioharibika

*

Chuno
16 Januari 2024

Mla mizizi ya ming'oko Zuberi,

Barua yako nimeisomea nje, kwa ajili ya harufu.

Naandika kwa peni ya dukani na meza hii imelegea mguu, ndiyo sababu mwandiko unayumba. Usiniulize zaidi ya hapo.

Haraka yangu ni hii. Unaifahamu Biblia yangu kubwa, ile yenye kurasa za familia. Majina ya wanangu yamo, na ya watoto wa Anold yamo, yote kwa kalamu hiyo niliyoachiwa na hakimu mwaka sabini na moja. Binti yangu Gladness alipojifungua Upendo bila ndoa nilimwambia ukurasa ule ni wa watoto wa ndoa. Baadaye nikaona aibu kulirudia neno hilo, nikawa nasema kalamu ni mbovu. Kweli ilikuwa mbovu, lakini na mimi nilikuwa mbovu.

Sasa mtoto ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, anasoma kila kitu, hata karatasi za sabuni. Siku ya Mwaka Mpya aliufungua ukurasa ule mbele ya watu wote, akasoma majina kwa sauti, mpaka la mwisho. Kisha akaniuliza, "Babu, mimi niko wapi?" Anold akacheka. Gladness akaingia jikoni.

Nataka niliandike jina lake kwa mkono wangu na kwa kalamu ileile, lisionekane limeongezwa na mtu mwingine. Anold sijamwambia, atabisha. Hata Gladness sijamwambia. Fanya upesi, fundi.

E. Mapunda

*

Msimbati
25 Januari 2024

Mtani,

Unaona mstari huu ulivyo mwembamba? Ni kalamu yako ndiyo inayokutukana.

Imenitesa. Kimpira kipya nimekitoa kwenye kichupa cha dawa ya macho, kile cha kubonyeza. Nikakigandisha kwa utomvu wa mkorosho, kwa sababu huku utomvu wa mkorosho unagandisha kila kitu. Nikakausha siku mbili, nikavuta wino, nikaiweka mfukoni, nikaenda kuswali Ijumaa. Kumbe utomvu ukikutana na wino unalainika. Kanzu ikawa bluu kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Imamu akaniuliza nimejiunga na chama gani.

Nikaanza upya. Safari hii nimetumia vanishi ya seremala, nayo haiogopi wino. Miguu ya nibu nimeipatanisha kwa kipande chembamba cha shaba, nikiipitisha katikati taratibu, nachungulia, napitisha, nachungulia. Ule ulimi mweusi wa chini nimeuosha kwa mswaki. Nikairudishia kila kitu mahali pake, na kijiti cha pembeni kinavuta wino kama mtoto anayenyonya.

Lakini siileti. Njooni wewe, Gladness na huyo mtoto, na Biblia. Jina uliandike hapa kwenye meza yangu, nikiona kwa macho. Nakujua. Nikikutumia kalamu utasema wino umekwisha, wino ukipatikana utasema miwani imepotea. Miaka sita umemkimbia mtoto wa kilo kumi na nane.

Pweza wa nazi atakuwepo. Wewe utakula kichwa.

Zuberi

*

Chuno
30 Januari 2024

Zuberi,

Barua hii haina utani. Siwezi kuja. Goti linanisumbua na barabara ya huko ni mashimo. Mpe Hadija kalamu Ijumaa. Mtoto ataandikwa siku hiyo hiyo, nakuahidi.

Nakuomba.

Erasto

*

Msimbati
1 Februari 2024

Mtani,

"Barua hii haina utani." Mara zote tatu ulizokufa barua ilianza na maneno hayo hayo. Umezeeka, hata uongo hubadilishi.

Na hilo "nakuomba" umelikopa wapi? Tumejuana miaka arobaini hujawahi kuniomba hata chumvi. Goti la Mngoni lililotoka Songea kwa miguu linaogopa mashimo ya Msimbati?

Goti likipona njoo. Kalamu iko juu ya kabati, imelala vizuri kuliko wewe.

Zuberi

*

Chuno
13 Februari 2024

Mzee Zuberi, shikamoo.

Baba amefariki leo alfajiri. Maziko ni keshokutwa Alhamisi, saa nane mchana. Nayajua mazoea yenu, lakini huu si utani. Njoo, tafadhali.

Gladness Mapunda

*

Msimbati
14 Februari 2024

Kwa Marehemu Erasto Mapunda, Kaburini, Chuno

Mtani,

Pole kwa kufa mara ya nne. Naona Anold machozi yake yalikauka, safari hii umemkodi Gladness. Mwandiko wa binti ni mzuri, ila uongo ni wa baba.

Mwambie akuzikishe upesi kabla hujaomba chakula. Ukikataa kushuka wakwambie huko chini kuna mbuzi wa Wamakonde hawana mchungaji, utaingia mwenyewe kwa mbio. Jeneza wakupe fupi, miguu wakunje, Mngoni akinyoosha miguu hakosi kutembea. Na malaika akikupa kitabu uandike jina lako usimwambie kalamu mbovu, yeye hana miaka sita ya kukusubiri.

Mimi siji. Nilishakuja nikakukuta na muhogo. Siku ya kufufuka upite huku uchukue kalamu yako.

Zuberi, mjane wako

*

Chuno
20 Februari 2024

Mzee Zuberi, shikamoo.

Barua yako Hadija aliifikisha Ijumaa, siku moja baada ya maziko. Wageni walikuwa bado wamejaa uani. Anold alidhani ni salamu za rambirambi, akaifungua akaisoma kwa sauti.

Alipofika kwenye mbuzi, watu waliangua kicheko. Wazee wa Kingoni walicheka mpaka mmoja akakohoa tukamletea maji. Tangu Jumanne hakuna aliyekuwa amecheka nyumbani kwetu. Walisema huyu ndiye mtani wa kweli, hakuweza kufika lakini ameifanya kazi yake kwa barua. Anold ameitunza kwenye bahasha.

Mimi sikucheka. Nimeisoma peke yangu mara nyingi, na nina jambo nataka unijibu. Ulijua?

Baba alikuwa anaumwa ini. Tangu Novemba. Alitukataza tusikwambie, alisema utakuja kumwangalia kwa huruma naye hataki kukuona ukiwa na sura hiyo. Wiki ya mwisho alikuwa akiulizia kalamu. Kila Hadija alipofika sokoni alinituma. Hakusema anaitakia nini.

Gladness

*

Msimbati
22 Februari 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Sikujua.

Hadija alirudi Ijumaa jioni, akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia, sikusikia. Akaniambia tena. Mwisho aliweka mdomo sikioni akapiga kelele, na majirani wote walijua kabla yangu. Nikamwambia asante. Nikanywa chai. Kulikuwa na saa ya mtu mezani, nikaifungua, nikaifunga, ilikuwa haina ubaya wowote.

Tangu siku ile nakula, nalala, naswali. Sijalia. Nasema ukweli, sisikii kitu. Ni kama ule mkono ukiulalia.

Watu wakinisifu kwa barua ile waache, lakini wewe ujue. Ile haikuwa kazi ya mtani. Ilikuwa ni mimi kutomwamini.

Kalamu ilikuwa imepona tangu tarehe ishirini na tano mwezi wa kwanza. Niliikalia makusudi. Nimekuwekea humu barua yake ya tarehe kumi na sita, isome, utaona alikuwa anaitakia nini. Mwonyeshe na kaka yako. Kalamu nitaileta mwenyewe siku ya arobaini.

Zuberi Mchopa

*

Chuno
5 Machi 2024

Mzee Zuberi, shikamoo.

Nimeisoma barua ya baba. Sikujua kama aliliona hilo la mimi kuingia jikoni.

Nimemwonyesha Anold. Ameisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Anasema wewe na baba mmeandikiana uongo miaka yote, mmezikana mkiwa hai, na barua moja kati ya hizo haiwezi kubadilisha aliyoyasema baba mbele yake. Kwamba baba alimwambia, akiwa mzima na akili zake, kuwa jina hilo hataliandika. Yeye ndiye mkubwa sasa na Biblia iko kwake, na hatakubali ukurasa uguswe kwa sababu ya utani wa wazee wawili.

Sikubishana naye. Nimechoka. Upendo haulizi tena, na hilo ndilo linalonisumbua.

Arobaini ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Karibu.

Gladness

*

Chuno
26 Machi 2024

Mzee Zuberi Mchopa,

Naandika kwa heshima niliyobaki nayo.

Jumamosi ulikuja kwenye arobaini ya baba yangu ukiwa umevaa koti kama lake. Ulikaa kwenye kiti chake, ukaiga sauti yake, ukawahukumu wageni kifungo mmoja mmoja, na padri ukampa miezi mitatu. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Kisha ukainuka, ukaichukua Biblia ya familia mezani, ukapanda bodaboda ukaondoka nayo.

Nilitaka kukufuata. Wazee wetu wakanishika. Wanasema mtani akichukua kitu msibani hakamatwi wala hasemwi, kitu kinakombolewa kwa anachokitaja. Sawa. Taja. Kama ni mbuzi nitanunua, kama ni mchele na nguo pia. Mimi nafanya kazi bandarini, nina zamu, sina muda wa michezo. Jumapili ni Pasaka na baba hakuwahi kusali Pasaka bila Biblia hiyo.

Anold E. Mapunda

*

Msimbati
28 Machi 2024

Mwanangu Anold,

Biblia iko mahali pa juu kuliko vyote nyumbani kwangu, imefunikwa kitambaa cheupe ambacho hakijatumika. Sijaifungua. Si kitabu changu cha kufungua.

Mbuzi sitaki. Mchele ninao, na mwezi huu mchana siuhitaji. Fidia yangu ni mstari mmoja wa wino, jina la Upendo. Utauandika wewe, kwa sababu Gladness akiliandika utasema amejiandikia, na mimi nikiliandika utasema ni utani.

Unasema barua ya baba yako huiamini. Sikulazimishi. Mtani haombi kuaminiwa, anachukua kilicho chake. Njoo wewe mwenyewe. Kalamu nilirudi nayo, ina wino.

Zuberi Mchopa

*

Msimbati
31 Machi 2024

Mwanangu Gladness,

Biblia mmeshaiona, lakini najua kaka yako hatakusimulia, ana mdomo wa kabati lililofungwa. Basi nakusimulia mimi.

Alikuja jana mchana kwa pikipiki, viatu vya kazini vimejaa tope. Hakusalimia, nikaona kumbe ni Mngoni kamili. Nikamletea maji. Akasema na yeye hanywi, kama mimi nimefunga na yeye amefunga. Baada ya muda akayanywa yote.

Alikuwa amekuja na ile barua ya baba yako mfukoni. Akaitandaza mezani, akaisoma tena mbele yangu, kidole kinafuata mstari. Akasema kitu, nikamwonyesha sikio. Akaniinamia akapaza sauti, "Mimi aliniambia kwa mdomo wake. Hataliandika."

Nikamwambia, "Na mimi aliniambia hivyo, miaka sita, nikamwamini. Mwaka huu akaniambia ataliandika, sikumwamini, nikaikalia kalamu mpaka akafa. Wewe sasa unataka kukaa mahali nilipokaa mimi. Kaa, lakini hapana mto."

Aliitazama ile barua, pale mwandiko unapoyumba. Nadhani alikuwa anapima, meza gani ile yenye mguu mbovu. Nyumbani kwenu hakuna meza mbovu, mwanangu, Anold anajua, aliitengenezesha yeye.

Nikaishusha Biblia nikamwekea. Akaifungua mwenyewe. Nibu haikutoa wino mara ya kwanza, akataka kuikung'uta, nikamzuia. Nikamwambia aishike kama anavyoshika kifaranga na asubiri. Ikatoa. Akaandika Upendo, akaandika mtoto wa Gladness, akaandika tarehe ya kuzaliwa. Tarehe hakuniuliza, wala hakutoa simu kutafuta. Alikuwa anaijua. Miaka yote hiyo alikuwa anaijua.

Nikadhani amemaliza, nikanyoosha mkono nipokee kalamu. Hakunipa. Akafunua kurasa mbili mbele, pale pa waliofariki. Yupo mama yenu, wapo wazee ambao siwajui. Akaandika jina la baba yake lote, na chini yake tarehe kumi na tatu Februari. Mkono wake una umbo lile lile la herufi za baba yenu, ile M yenye mkia.

Hatukuwa na karatasi ya kunyonyea wino, tukakaa kuusubiri ukauke. Mmoja huku, mmoja kule.

Mimi habari hii nilipigiwa kelele sikioni. Nikaisoma kwenye barua yako. Nikakaa kwenye kiti chake nikiiga sauti yake, na kila mlango ukifunguliwa nikageuka kumtazama. Kwa siku arobaini kuna mtu ndani yangu alikuwa ananiambia ngoja. Jana niliisoma tarehe ile wino ukiwa bado unang'aa. Nikaisoma tena ulipokauka.

Nikamwambia kaka yako nakwenda kutawadha, kalamu aiweke mfukoni aende nayo. Nikaketi kule uani, ndoo mbele yangu, nikiosha uso, na uso haukauki. Nilipokuja kuona, ndoo ilikuwa tupu na pikipiki ilishaondoka.

Msalimie mtoto.

Zuberi Mchopa